Tulivyofunga Bwawa Julai

Nimeishi Eastlands maisha yangu yote na uchafu nimeuona wa kila aina. Nilizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli, tukitumia choo kimoja familia sita, na asubuhi ulipanga foleni huku umeziba pua kwa leso. Nimevuka mto ule unaopita nyuma ya viwanda ukiwa na povu la rangi ya zambarau. Kwa hiyo nikisema kwamba kitu kilichonitia kinyaa kuliko vyote maishani kilikuwa bwawa la kuogelea, tena la nyumbani, Buruburu, nyuma ya nyumba yenye mapazia ya lesi, usidhani mimi ni mtu wa kudeka.

Bwawa lilikuwa la baba mkwe. Alikuwa karani wa reli, na kwa miaka mingi alifanya kazi chini ya Mzungu mmoja mkubwa aliyekuwa na bwawa nyumbani kwake, upande ule wa mji wenye miti mingi. Jumamosi baba mkwe alimpelekea mafaili ya kutia sahihi. Alisimama kando ya maji, mafaili kifuani, akimsubiri mwenzake amalize kuogelea. Sijui ni kitu gani kilimwingia moyoni pale. Ninachojua ni kwamba alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa gredi au mashine ya kusaga mahindi huko kwetu magharibi, na yeye akachimba bwawa. Nyumba yake ilikuwa ya pembeni, ndiyo maana uwanja wake ulizidi wa majirani kidogo. Mama mkwe alikuja kuliona mara moja, akauliza ng'ombe watanywa wakisimama wapi, akarudi nyumbani shambani na hakukanyaga Nairobi tena.

Fundi aliyelichimba alikuwa hodari sana wa kuchimba mashimo ya vyoo. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua, na ndivyo alivyochimba. Mabwawa ya wenyewe, nimekuja kujua baadaye, huanza na kina kifupi yakaenda yakiteremka. Letu lilikuwa shimo la futi sita kila mahali, kuta zimesimama wima, plasta laini. Urefu wake hatua saba, upana hatua nne. Njia ya kuingia na kutoka ilikuwa moja tu, ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani kwa nati. Kisha mzee akauzungushia uwanja ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, ili watu wa mtaani wasimwone akioga.

Kuogelea hakujua. Jumapili baada ya kanisa alivaa kaptula ya sufu aliyoachiwa na yule Mzungu, akashuka ngazi, akaishika kwa mikono miwili, akawa anajizamisha na kuibuka, kuzama na kuibuka, kama mkate kwenye chai. Alikuwa akikohoa makohozi na kuyatema humo humo. Kuna dakika alitulia kabisa, macho yakitazama juu mbinguni, na mtu yeyote aliyewahi kulea mtoto anajua maana ya utulivu ule. Haya yote niliyaona kupitia dirisha la jikoni bila kupenda, na nilikuwa nikiangalia kando upesi, kwa sababu mimi ni mkaza mwana.

Hapo lazima nieleze. Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono. Hawakalii kiti kimoja, hata kama mwenye kiti hayupo. Chakula chake nilikiweka mezani nikatoka, ndipo akaingia kula. Tukikutana mlangoni, mmoja wetu alirudi nyuma. Kumwona uchi, au yeye kukuona wewe, hilo halisemwi hata kwa mzaha. Kulala chini ya paa moja nako hakuruhusiwi, lakini Nairobi ni Nairobi, kwa hiyo mzee alijengewa chumba chake uani, na sebule tukaitumia kwa zamu. Sikuwa nikilalamika. Nililelewa hivyo, na heshima hiyo ilinifaa pia. Hakuna mzee aliyeingia jikoni kwangu kuniuliza chumvi imeishaje. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa mwaka wa pili, na niliamini kabisa kwamba heshima ile ilikuwa ukuta uliojengwa kwa ajili yangu mimi.

Sasa, kufunga bwawa. Yule Mzungu alipokuwa akirudi kwao alimwachia baba mkwe karatasi iliyopigwa taipu, maelezo ya jinsi ya kulifunga bwawa wakati wa baridi. Ilikuwa karatasi ya Uingereza, ya nyumba aliyokuwa nayo huko. Ilisema ngazi itolewe. Ilisema maji yapunguzwe hadi nusu. Kuta zisuguliwe, kisha bwawa lifunikwe turubai hadi baridi iishe. Na ilieleza sababu, kwamba maji yakishika barafu hutanuka na kupasua kuta.

Barafu, Buruburu! Julai yetu ni ya mawingu na manyunyu, ya watu kuvaa sweta mbili na kuota jiko, lakini hata sufuria ya maji ukiiacha nje wiki nzima haigandi. Mwaka wa kwanza nilipomsikia akisoma karatasi ile kwa sauti, nilimwambia mume wangu aulize, barafu gani? Mume wangu akauliza. Jibu likarudi kupitia kwake, maana mimi na mzee hatukuwa wa kujibizana: "Mwambie mke wako yale mambo ya kitaalamu aachie watu waliofanya kazi na wataalamu."

Basi kila Julai tulilifunga dhidi ya barafu. Na kwa kuwa maji ya mfereji yalikuwa ya shida, yanakuja leo yanakatika kesho, mzee alisema hayatupwi. Nusu inayotolewa ilitekwa kwa ndoo na kamba, ikajaza mapipa, madumu na kila beseni la nyumba, ikatumika kupigia deki na kumwaga chooni. Mtekaji alikuwa mimi. Nilipiga deki sebule yangu kwa maji ambayo baba wa mume wangu alijizamisha humo tangu Septemba. Yalikuwa na utando wa mafuta juu, ule wa ngozi ya mtu, unaong'aa rangi saba ukiinamisha ndoo. Sakafu ikikauka ilibaki na kunata kidogo chini ya ndara, na nyumba nzima ilinuka mzee. Mama yangu aliponitembelea na kuambiwa maji hayo yametoka wapi, aliweka kikombe chini. Akasema, "Mwanangu, hata maji ya kunawa mikono ya mkwe mtu hamwagi mbele yake, wewe unayapaka kwenye nyumba?" Hakumaliza chai ile, na tangu siku hiyo alikuja na chupa yake.

Nusu iliyobaki chini ya turubai ndiyo iliyokuwa balaa. Turubai lenyewe lilikuwa la lori, lina matundu. Miezi miwili maji yalikaa gizani yakioza. Septemba tulipolifunua mara ya kwanza nilidhani kuna mtu amekufa humo. Maji yalikuwa meusi, juu yake kijani kizito kama mboga ya mrenda iliyolala. Viluwiluwi vya mbu vilicheza kwa maelfu. Vyura walikuwa wametaga nyuzi nyuzi za mayai ukutani. Panya mmoja alikuwa amevimba, amegeuka tumbo juu, manyoya yakimtoka ukimgusa kwa fimbo. Jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, mama aliyeuza mitumba Gikomba, alinisimamisha langoni.

"Sasa, mama. Hiyo kitu yenu inanuka aje! Watoto wangu wanakula wakiwa wamefunga mapua. Mzee wenu anafuga nini huko ndani?"

"Ni bwawa," nikamwambia.

"Bwawa ya nini?"

"Ya kuogelea."

Alinitazama akitafuta kama ninamfanyia mzaha. Kisha akacheka mpaka akashika lango. Baba mkwe aliusikia mwangwi wa kicheko kile kutoka chumbani kwake, na nadhani hakikumtoka masikioni. Tangu hapo hakutaka jirani yeyote aingie uani, hata kuomba kiberiti.

Julai ninayoisimulia ilikuwa ya mwaka uliofuata, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ngazi ilikuwa imekula kutu, kwa hiyo mume wangu aliifungua nati asubuhi, akamwomba rafiki mwenye pikapu aipeleke kwa fundi wa kuchomelea, akaenda kazini. Alikuwa mtunza stoo kiwandani Industrial Area na alirudi saa kumi na mbili jioni. Mimi nilikuwa nimeteka maji wiki nzima iliyotangulia na asubuhi ile, mpaka yakafika nusu. Mgongo ulikuwa haunyooki. Nikaenda zangu jikoni kuchagua maharagwe.

Mzee hakuweza kusubiri. Saa tano hivi alianza kuburuta turubai peke yake, akirudi kinyumenyume ukingoni. Plasta ya ukingo ilikuwa imeota kijani. Nilisikia kishindo, kisha sauti ya maji, kisha kimya, kisha kikohozi.

Nilitoka mbio. Alikuwa amesimama katikati ya shimo, maji yakimfika kiunoni, turubai limemwangukia begani. Kofia ilikuwa inaelea. Uso wote ulikuwa kijani, na kutoka kwenye nyusi zake uteute ulikuwa ukidondoka kwa uzi mrefu usiotaka kukatika. Hakuwa ameumia. Nilishukuru Mungu kwa sauti, nikapiga hatua kwenda ukingoni.

"Simama hapo hapo!" akapiga kelele. "Usikaribie."

Nikasimama. Alijaribu ukuta mmoja, akajaribu wa pili. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mitano, mnene, goti moja bovu, na ukuta ulikuwa unateleza kama sabuni. Kila aliporuka kidogo kushika ukingo vidole viliteleza vikaacha michirizi kwenye ule ukijani. Chini, matope ya Septemba, ambayo hayakuwahi kuzolewa, yalikuwa yakichochewa, na harufu iliyopanda sitaweza kuieleza vizuri. Ilikuwa ya yai viza na nguo iliyolowekwa ikasahauliwa, na ndani yake harufu ya mtu. Nilijifunika pua kwa mkono.

"Baba, ngoja niite watu. Kuna vijana pale stendi, dakika mbili tu."

"Hapana."

"Basi mama wa hapo ng'ambo akirudi."

"Nimesema hapana! Ukileta mtu hapa akaniona hivi, beba vitu vyako urudi kwa baba yako. Mimi nitangojea mwanangu."

Mwanawe alikuwa anarudi saa kumi na mbili. Ilikuwa saa tano na robo. Na mzee alikuwa na kifua. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amelazwa kwa nimonia, na daktari alituambia mbele yake kwamba ikirudi haitamwacha. Julai, mawingu yamelala juu ya mabati, upepo ule mwembamba, na yeye ndani ya maji mpaka kiunoni kwa saa saba. Hesabu yake haikuhitaji ukarani.

Nilimletea kigoda cha jikoni. Nilikisukuma kwa ufagio mpaka kikaanguka majini, ili mikono yetu isikaribiane. Alikipanda, mguu mmoja wa kigoda ukazama kwenye matope, mwingine ukakatika, akaanguka tena na kuyanywa maji yale. Alitapika kidogo, ukaelea mbele yake uji wa asubuhi, uji niliopika mimi. Nikaleta kamba ya ndoo, nikaifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo, nikamtupia. Aliivuta, nguzo ikainama kama muwa, kamba ikachomoka ikazama. Meza ya sebuleni nilijaribu kuiburuta, haikupita mlangoni, na kiti alikikataa, akisema kitazama kama kigoda.

Kisha akaniambia nigeuke. Suruali ilikuwa imejaa maji ikimvuta chini, alitaka kuivua apate wepesi wa kupanda. Niligeuka nikaukabili ukuta wenye chupa. Nilisikia suruali ikitua ukingoni kwa mlio wa kitambaa kizito. Nilisikia akihema, akiruka, akianguka. Kutoka hapo tuliongea hivyo, mimi nikiangalia ukuta, yeye akiwa shimoni nyuma yangu.

"Baba, bado uko sawa?"

"Niko."

Baada ya kitambo: "Baba?"

"Niko, niko."

Saa saba na nusu aliacha kusema "niko" akawa anaguna tu. Kifua kilikuwa kimeanza kupiga filimbi, nikiisikia mpaka kule nilikosimama. Meno yaligongana. Nilikumbuka mama akisema kwamba mkaza mwana akimwona baba mkwe uchi, ni heri arudi kwao kabla hajafukuzwa. Nikafikiria pia kwamba akifa nikiwa nimempa mgongo hatua tano tu kutoka kwake, nitamwambia nini mume wangu? Kwamba nilikuwa nimegeuka kwa adabu? Nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira, na kinyaa kilikuwa kimejaa kooni, lakini sikuweza kuendelea kuhesabu vipande vya chupa.

Nikageuka. Alikuwa amebaki na fulana na chupi, kijani juu mpaka chini, midomo ya kijivu. Alijifunika mbele kwa mikono.

"Usiangalie huku, mama! Nitakulaani!"

"Nilaani ukiwa nje," nikamwambia.

Nilivua sweta na leso, nikabaki na shimizi na blauzi, maana nguo nyingi zingenizamisha na mimi. Nilikaa ukingoni, nikajishusha. Maji yalinifika juu ya kiuno, mimi mfupi. Baridi ilinikata pumzi. Lakini kibaya kilikuwa chini. Nyayo zilizama katika kitu laini kama ini, kikapanda kati ya vidole, na ndani yake mlikuwa na vitu vigumu vidogo ambavyo nilijikataza kuvifikiria. Kitu kilinigusa paja kikaenda zake.

Mzee alirudi nyuma mpaka ukutani, akawa analia. Ndiyo, alilia. Nilimpa mgongo, nikauegemea ukuta kwa viganja, nikainama mpaka maji yakanifika kidevuni, nikamwambia, "Panda."

Hakupanda. Nikasikia kifua kile kikipiga filimbi, moja, mbili, tatu. Kisha nikasikia maji yakisogea. Mguu wake ukaja mgongoni mwangu. Kucha ndefu za vidole vya miguu zilinichoma kupitia blauzi. Alipanda kwa goti lile zima, akaweka unyayo mmoja begani, wa pili ukateleza ukanipiga sikio, akaurudisha. Paja lake baridi lenye uteute lilinisugua shavuni na shingoni. Chupi yake ilinidondoshea usoni nikiwa mdomo wazi kwa kuhema, nikameza. Nilisukuma juu kwa nguvu zangu zote huku magoti yakizama, nikasikia tumbo lake likikwaruza ukingo, na ule uzito ukaondoka. Alikuwa nje. Alilala kifudifudi juu ya saruji akikohoa, na nakumbuka kwamba nilifurahi sana, furaha ya kweli. Nilicheka peke yangu mle ndani kama kichaa.

"Asante Mungu. Baba, nenda ubadilishe nguo, jiko lina moto. Lakini kwanza nisukumie kile kiti cha sebuleni, nikanyage."

Nilisikia akiinuka. Nilisikia hatua, goti bovu likiburutwa. Hatua ziliingia ndani. Nikangoja kiti.

Nilingoja hivi, mikono imekunjwa kifuani, nikiangalia mbingu ya kijivu yenye umbo la shimo letu. Nikadhani anavaa. Nikadhani anaota moto kidogo kwanza, ni mzee, ana haki. Nikaita, "Baba, kiti!" Nikaita tena. Nikadhani amezimia, nikaanza kupiga mayowe ya kuomba msaada, lakini mama wa Gikomba hakurudi kabla ya jua kutua, na ule ukuta mrefu ulirudisha sauti yangu palepale. Ndipo nikasikia redio ikifunguliwa sebuleni. Zilikuwa salamu za wasikilizaji. Niliita kwa nguvu zaidi, na redio ikapandishwa.

Alikuwa mzima. Alikuwa na nguvu za kuzungusha kitufe.

Sitaeleza zile saa nne zote. Nilijaribu kuta kama alivyojaribu yeye, nikaacha michirizi yangu kando ya michirizi yake. Nilisimama juu ya kigoda kilichovunjika, ambacho kilinipa inchi chache za kutoka majini. Chura alikuja akakaa begani mwangu na sikumfukuza. Matapishi ya mzee, ule uji, yalikuwa bado yanaelea, kila upepo ukivuma yananijia, nayasukuma kwa mkono, yanarudi. Ngozi ya vidole ilijikunja, na nilijikojolea pale nilipokuwa, ndani ya maji yale. Nikaona sasa mimi na yeye tumeoga maji mamoja, na hakuna mila iliyoandaliwa kwa jambo hilo.

Saa kumi na mbili lango lililia. Redio ikazimwa. Nilisikia sauti ya mume wangu ikiuliza nilipo, na sauti ya mzee, chini, kisha mbio. Mume wangu alinitoa kwa kulala kifudifudi na kunishika vifundo vya mikono. Alinivuta juu ya saruji, magoti yangu yakachunika. Alinifunika koti lake, akanipeleka sebuleni, karibu na jiko.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Amevaa suti ya kanisa, amejifunika blanketi mpaka kifuani, miguu kwenye karai la maji moto. Alikuwa ameoga. Alikuwa amejipikia chai, kikombe cha pili kikiwa mkononi. Aliponiona akageuza uso ukutani haraka, na akaongea na mwanawe.

"Mwambie mke wako atulie, asiwe na wasiwasi," akasema. "Mimi sikumwangalia. Nilipotoka nilienda moja kwa moja, hata kugeuka sikugeuka, kwa sababu alikuwa hana nguo za maana. Na alipoanza kuita nikafungua redio, maana hiyo sauti si ya kusikizwa na mkwe. Kila kitu nimekifanya kama inavyotakiwa."

Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa bado natetemeka, kijani kikinidondoka kwenye nywele. Nilingoja aseme neno. Nilidhani atampigia baba yake kelele, au angalau atanyamaza. Lakini uso wake ulikuwa umelegea, umejaa kitu kama fahari, na macho yalikuwa yameloa.

"Umesikia?" akaniambia taratibu. "Na umri wote huo, na baridi yote hiyo, mzee hakusahau heshima yako. Mwambie asante."

Wote wawili walingoja. Nikafungua mdomo, na kile nilichokuwa nimekizuia tangu asubuhi kikatoka chote, juu ya zulia, mpaka kwenye karai lenye miguu yake. Sikupangusa.